Siku Tuliyomtembeza Mama

Juzi mtoto wa mjomba wangu, kijana wa sekondari, alituma video kwenye kundi la familia. Alikuwa amechukua picha ya Mama tuliyobaki nayo, ile ya kwaya ambayo amesimama mstari wa pili, akaiingiza kwenye mojawapo ya programu hizi za siku hizi zinazoifanya picha itembee. Mama anatoka kwenye mstari wa wanakwaya, anakuja mbele taratibu, anatabasamu, halafu anapunga mkono. Shangazi zangu walijaza kundi kwa amina na alama za machozi. Mmoja aliandika kwamba ameitazama mpaka bando limekata. Mimi nilikuwa jikoni kwangu hapa Ipagala, nasonga ugali, na nilipoona magoti ya Mama yanajikunja na kujikunjua niliilaza simu kifudifudi juu ya kabati, nikaendelea kusonga. Ugali wenyewe ulikuwa na madonge, tukaula hivyo hivyo.

Kijana yule simlaumu. Alizaliwa Mama ameshazikwa, na alichotaka ni kutufurahisha. Hajui kwamba yuko mtu aliyemtembeza Mama kabla yake, kule Bahi, uwanjani kwetu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kwamba mtu huyo alikuwa na sababu zake.

Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa amelala tangu nikiwa la nne. Alikuwa anatoka kwenye majaruba na gunia la mpunga nyuma ya bodaboda, pikipiki ikayumba kwenye karavati, dereva akaangukia mchangani na Mama akaangukia zege. Akakaa hospitali mjini muda mrefu. Aliporudi aliteremshwa kwenye gari amebebwa na wanaume wanne, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa anahisi kitu. Watu wazima walisema ni uti wa mgongo. Mimi nilijua uti wa samaki, ule wa kambale tuliowavua mbugani mwaka wa mvua nyingi, na nikashangaa kitu chembamba namna ile kimlaze mtu mzima. Nilidhani kitapita, kama mwiba unavyopita.

Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Aliitania miguu yake. Akitaka kugeuzwa, alimwambia Baba aje ageuze mizigo ya watu, maana yeye miguu hii ameikodi tu na mwenyewe akija ataitaka salama. Baba hakucheka, lakini alikuja. Alimgeuza asubuhi, mchana na jioni, akampaka dawa kwenye vidonda vya mgongoni, akafungua dirisha harufu itoke, halafu akatoka kwenda kwenye ng'ombe. Mimi nilimlisha mlenda na ugali na kumsimulia habari za shule. Alipenda sana habari za shule.

Na mwaka ule habari zilikuwepo. Ninyi wenzangu mliosoma shule za msingi za vijijini mtanielewa. TEHAMA tuliisoma bila kuona kompyuta. Mwalimu aliyekuwepo alikuwa amechora kibodi kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani, nasi tulipanga foleni kwenda kubonyeza herufi za majina yetu juu ya ile karatasi. Msicheke. Nilikuwa hodari, na nilijivunia kasi yangu. Simu ndiyo kabisa ilikuwa dhambi. Mwanafunzi akikamatwa na simu, mzazi anaitwa na fimbo zinatafutwa.

Halafu akaja Mwalimu Zaina. Alikuwa Mrangi wa Kolo, huko Kondoa kwenye miamba yenye michoro ya watu wa kale. Binti mwembamba wa hijabu, kazi yake ya kwanza, anaongea kwa sauti ya chini hadi darasa zima likalazimika kunyamaza ili limsikie. Siku ya kwanza ya sayansi hakuandika kitu ubaoni. Aliuliza ni nani anajua kufinyanga ng'ombe. Tulinyoosha mikono wote. Mtoto wa Bahi anayechunga ng'ombe za baba yake amefinyanga za kwake mwenyewe tangu hajaota meno ya mbele, kwa ule udongo mweusi wa mbugani, pembe ndefu, nundu, kila kitu. Akasema kesho kila mtu aje na ng'ombe wake.

Kesho yake dawati lilijaa mifugo. Mwalimu akatandika gunia, akatengeneza bwawa kwa kipande cha nailoni ya bluu, akachomoa simu yake. Kioo kilikuwa na nyufa na mgongo wake umefungwa kwa mpira wa kufungia mboga. Akaiegemeza kwenye rundo la vitabu, akatueleza kazi. Ng'ombe asogezwe kidogo, upana wa punje ya mtama tu. Mikono itoke. Picha ipigwe. Asogezwe tena, mikono itoke, picha ipigwe. Aliniteua mimi kuwa msogezaji kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo na sikuwa na haraka. Tulifanya hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikagongwa, tukaendelea. Wengine walichoka wakaenda kucheza. Mimi sikuchoka.

Baada ya siku kadhaa aliazima projekta kutoka shule ya sekondari, tukaziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka jeupe ukutani. Zile ng'ombe zetu zikatembea. Zilitoka upande mmoja wa shuka kwenda bwawani, zikainamisha vichwa, na bwawa likapungua kidogo kidogo, na pamba ikapanda juu ikawa wingu. Lilikuwa somo la mzunguko wa maji, na hadi leo ukiniamsha usingizini nitakueleza maji yanavyopanda kuwa mvuke. Lakini siku ile sikuwa naangalia maji. Nilikuwa naangalia ng'ombe wangu, yule niliyemsogeza kwa vidole hivi, anatembea bila mtu kumgusa. Wenzangu walipiga makofi na kusema ni katuni. Mwalimu mkuu, aliyekuja kukagua hiyo simu inafanya nini darasani kwake, alisahau kukaa chini. Alitazama yote amesimama mlangoni, akaondoka, na habari ya kukataza simu ya Mwalimu Zaina haikuzungumzwa tena.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa nilivyofikiri. Kiangazi kikiwa kikali, ng'ombe dhaifu huanguka na kushindwa kuinuka. Wafugaji hawamwachi. Akiachwa amelala siku nyingi, hainuki tena. Kwa hiyo kila asubuhi wanaume wanakuja, mmoja anashika mkia, wengine wanapitisha mti chini ya tumbo, wanamnyanyua, wanaipanga miguu yake mmoja mmoja ikanyage chini. Ng'ombe anaanguka. Kesho wanamnyanyua tena. Kiangazi kile Baba na jirani zetu walimnyanyua hivyo ng'ombe wetu mwekundu, nami nilikuwa naishika kwato ya mbele na kuiweka mahali pake. Asubuhi moja tulimkuta amesimama peke yake zizini, anatetemeka, anatutazama kama vile sisi ndio tuliochelewa.

Basi kichwani mwangu mambo hayo mawili yakawa jambo moja. Mwili uliolala ukiusogeza kidogo kidogo, bila kukata tamaa, ukifika wakati wake unainuka wenyewe. Nilikuwa nimeliona kwa ng'ombe wa nyama na damu na nimeliona kwa ng'ombe wa udongo. Ushahidi gani mwingine nilihitaji?

Kilichomalizia ni somo lililofuata. Mwalimu Zaina alitupeleka uwanjani, akapanda juu ya meza zilizopangwa, akatuambia tulale chini ubavu kwenye vumbi. Tukalala. Akatusogeza mikono na miguu, akapiga picha kutoka juu, akatusogeza tena. Tulipokuja kuona kwenye shuka, hatukuwa tumelala. Tulikuwa tunakimbia, tunapanda ngazi za hewa, mmoja anamruka mwenzake kama ndege. Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu alituambia kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akienda kutazama wale watu na wanyama waliochorwa kwenye miamba ya kwao, akikaa mbele yao akingoja wasogee, mpaka akachapwa kwa kusahau mbuzi aliokuwa akichunga. Sikumsikiliza vizuri. Nilingoja wenzangu watoke, nikamfuata pale alipokuwa anakunja shuka.

"Mwalimu, mtu asiyeweza kusimama anaweza kutembea humo?"

Alifikiri naulizia kazi ya darasa. "Humo kwenye picha, ndiyo," alisema. "Hata mtu aliyelala."

Nilibeba ile ndiyo mpaka nyumbani. Yale maneno mengine yalidondoka njiani.

Kesho yake nilipomwambia Mwalimu habari ya Mama, alisema lazima aongee na wazazi wangu kwanza. Alikuja nyumbani jioni moja kwa miguu. Mama alimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na Mwalimu alipojaribu kuitikia, Mama alicheka hadi akashika kifua, akamfundisha upya. Mimi nilitumwa maji. Nilipopita karibu na dirisha niliwasikia wanaongea taratibu, Baba akisema kwamba mtu si kitu cha kuchezea, na Mama akisema neno ambalo sikulipata. Niliporudi na ndoo yangu nilimkuta Mwalimu amesimama mlangoni anajipangusa macho kwa ncha ya hijabu. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Mama aliniita karibu.

"Nyemo," aliniambia, "mwalimu wako anasema unataka kunitembeza."

Nilisema ndiyo.

"Basi utanitembeza na viatu. Sitembei pekupeku mbele ya watu wa Kondoa."

Jumamosi ilipofika Baba alikuwa ameshaufagia uwanja tangu alfajiri. Alichora njia kwa majivu, akachomeka mabua ya mtama pembeni yawe miti. Sijui ni nani aliyemfundisha, kwa maana hakuwahi kuona zile katuni zetu. Mwalimu alitakiwa apige picha kutoka juu, na mahali pa juu palikuwa ni paa bapa la udongo la tembe, nyumba yetu ya zamani tuliyohifadhia nafaka. Baba aliweka ngazi, akapanda kwanza yeye, akatembea juu ya boriti kuona kama bado zina nguvu, akamwonyesha Mwalimu pa kukanyaga. Mwalimu alipanda akiwa amekunja sketi yake kwa mkono mmoja, anasoma dua midomo ikitikisika. Mama kutoka kitandani akauliza kama mpiga picha amekufa kabla ya kazi.

Tulimtoa kwa shuka, Baba na jirani yetu mmoja. Alikuwa amevaa sare ya kwaya, ile ya bluu yenye kola nyeupe, na ilikuwa imempwaya. Baba alimvalisha viatu. Miguu ilikuwa imevimba, ikamchukua muda, na alikuwa anaifanya kazi hiyo amepiga magoti, anaingiza kisigino polepole kwa kidole, ilhali Mama mwenyewe hakuwa anahisi chochote. Soli za vile viatu zilikuwa safi. Nilizitazama nikafurahi, nikawaza kwamba zitachafuka hivi karibuni.

Tukamlaza ubavu mwanzoni mwa njia ya majivu. Kazi ikaanza. Baba alishika kiuno, mimi nilishika miguu. Tunamsogeza kidogo, napanga mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, Mama anaupanga mkono wake mwenyewe, Mwalimu kutoka juu ya paa anasema mikono, tunatoka pembeni, anapiga. Tunarudi. Miguu ya Mama ilikuwa mizito kuliko nilivyotegemea, na ya baridi. Nilikuwa naikunja goti na kuikunjua, naongea nayo kimoyomoyo. Jua lilipopanda, Mwalimu alilalamika kivuli kinahama, tukaongeza mwendo. Mama alikuwa anatokwa jasho usoni. Niliona kuwa ni dalili nzuri. Ng'ombe mwekundu naye alitokwa jasho kabla hajasimama.

Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, sauti ya pili ya nyimbo za kwaya, ile ambayo ukiisikia peke yake huwezi kujua ni wimbo gani. Nilimuuliza kama anasikia kitu miguuni. Alisema anasikia njaa. Baadaye akaacha kuimba.

Tulikuwa tumefika katikati ya njia, kwenye bua la tatu au la nne, Baba alipomnyanyua kiuno na kuona nyuma ya sare. Kulikuwa na doa lililolowa, linatanuka. Alilitazama, akamtazama Mama usoni, akasema basi.

Nilisema bado hajafika. Nilionyesha mwisho wa njia, haukuwa mbali. Mwalimu naye kutoka paani akasema tunaweza kuendelea Jumamosi ijayo, picha haziharibiki. Mama akafumba macho. "Nitafika Jumamosi," alisema. "Miti ibaki hapo hapo." Baba akamrudisha ndani.

Kabla Mwalimu hajaondoka alituunganishia tulichokuwa nacho. Tulikaa kitandani kwa Mama, vichwa vimegusana juu ya kile kioo cha nyufa. Mama alitokea upande wa kushoto. Alikuwa amesimama wima. Alitembea kwa kuruka ruka kidogo, sare ya bluu, mkono unapepea, akaupita mti wa kwanza, akaupita wa pili, halafu akasimama na mguu mmoja ukiwa mbele, haujakanyaga. Ilikuwa imekwisha. Mama aliomba irudiwe. Akaomba tena. Mara ya kwanza alicheka na kusema anatembea kama mama mkwe wake. Baada ya hapo alikuwa anatazama tu, na Baba alikuwa amesimama nyuma yetu anatazama juu ya mabega yetu, anapumua kwa kelele. Ni mimi peke yangu ambaye sikuwa naangalia simu. Nilikuwa naiangalia miguu yake chini ya shuka.

Siku zilizofuata niliwaambia darasa zima kwamba Mama anakaribia kusimama. Nilisema kwa uhakika kiasi kwamba wakaniamini, na rafiki zangu wakaanza kuniuliza kila asubuhi amefikia wapi. Mchana mmoja nilimfuata Mwalimu Zaina ofisini, akiwa anasahihisha.

"Mwalimu, zimebaki picha ngapi?"

"Za nini, Nyemo?"

"Ili Mama ainuke."

Niliona uso wake unabadilika. Aliweka kalamu chini. Nilidhani anahesabu. Mimi sasa nina umri aliokuwa nao yeye siku ile, hata zaidi, na nimejiuliza mara nyingi mimi ningejibu nini. Alinisogeza karibu, akanifuta vumbi la chaki shavuni ambalo halikuwepo. Akasema zimebaki nyingi.

Jumamosi haikufika. Katikati ya wiki Mama alipandwa na homa, akaanza kuongea maneno yasiyofuatana. Jirani mwenye pikapu aliwapeleka mjini, Baba amekaa nyuma amemshikilia kichwa. Mimi nilibaki kulinda nyumba na ile njia ya majivu. Upepo ulikuwa unaipeperusha, nikawa naichora upya kila nikitoka shule, nainyoosha kwa ufagio, ili akirudi tuendelee tulipoishia. Baba alirudi na pikapu ile ile. Niliona jinsi dereva alivyokuwa anaendesha, polepole mno kwa barabara ile nzuri, nikajua.

Msiba ulijaa. Kwaya iliimba, na sauti ya pili ilikuwa na pengo. Mwalimu Zaina alikuja siku zote, akakaa jamvini na akina mama wa kanisa, anachambua mchele pamoja nao, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani wa marehemu. Watu walikanyaga njia yangu ya majivu kwenda na kurudi, wakabeba kuni, wakang'oa mabua ya mtama wakawashia moto. Nililia kwa ajili ya yale mabua. Shangazi alinibeba akidhani nalia kama wengine walivyokuwa wanalia.

Na moyoni nilikuwa nimemkasirikia Baba. Hilo nalisema wazi, kwa sababu ndilo lililonijaza kuliko huzuni yenyewe. Yeye ndiye aliyesema basi. Tulikuwa tumefika katikati. Kwa ajili ya doa la nguo alimwachia Mama mguu hewani, na mwili ulioachwa nusu ya safari ungefanya nini kama si kulala moja kwa moja? Sikumwambia. Nilimwekea chakula, nikamsalimia shikamoo asubuhi kama inavyotakiwa, basi. Baba naye alikula na kuitikia, basi. Kwa bahati mbaya tulikuwa tunafanana.

Niliporudi shuleni nilikuta wenzangu wamenitengenezea kitu. Walikuwa wamefinyanga mwanamke wa udongo, amesimama, wakamvalisha kipande cha kitambaa cha bluu na kumwekea kola ya karatasi. Walikuwa wametandika gunia, wamechora njia kwa majivu ya jikoni, wamechomeka vijiti. Simu ya Mwalimu ilikuwa tayari kwenye vitabu. Hakuna aliyecheka wala kusukumana. Rafiki yangu mmoja akasema, "Tummalizie, Nyemo." Mwalimu Zaina alisema ni mimi nitakayeamua.

Nilikaa mbele ya yule mwanamke. Walikuwa wamemfinyanga vizuri, walimpa hata viatu. Alikuwa na miguu minene, imara, ya mtu ambaye hajawahi kulala. Nikasema huyo si Mama. Sikusema kwa hasira, nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikarudi kwenye dawati langu, na Mwalimu akamchukua yule mwanamke kwa mikono miwili, akamweka dirishani, akatufundisha sehemu za ua. Mwaka uliofuata alihamishiwa kwao Kondoa. Nilikuja kusikia kwamba simu yake iliingia maji huko, na kila kilichokuwemo kilikwenda nayo, Mama akiwemo.

Siku hiyo ya mwanamke wa udongo nilirudi nyumbani nikamkuta Baba uani amekaa kwenye kigoda, anasokota kamba ya kufungia ndama. Nilipita. Nilifika mlangoni, nikashindwa kuingia, nikarudi nikasimama mbele yake.

"Baba, siku ile tungemaliza, Mama angeinuka?"

Aliendelea kusokota. Alikuwa na desturi ya kumaliza mkunjo kabla ya kujibu mtu.

"Asingeinuka."

"Hata kama tungefika mwisho?"

"Hata tungefika. Daktari alituambia tangu siku za mwanzo. Mama yako alijua. Mimi nilijua. Mwalimu wako tulimwambia jioni ile alipokuja."

Nilimuuliza kwa nini basi walimnyanyua, kwa nini walichora njia, kwa nini viatu. Sauti yangu ilipanda, na Baba hakunikemea.

"Mama yako ndiye aliyetaka. Alisema humu ndani tuko wawili tunangoja kifo, basi awepo hata mmoja anayengoja kitu kingine." Alisokota mkunjo mmoja. "Ukirudi shule ulikuwa unaingia mbio kutazama miguu yake. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Ilitusaidia kuamka asubuhi."

Ng'ombe walikuwa wanarudi, kengele zao zikisikika kwa mbali upande wa mbugani. Ilibidi mmoja wetu aende kufungua zizi, lakini hakuna aliyeondoka. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo mtoto hana neno lake. Nikamuuliza kama sasa naweza kuacha kungoja.

Baba aliiweka kamba chini. Mikono yake ilibaki wazi juu ya magoti, haina kazi.

"Ngoja kidogo tu, mwanangu," alisema. "Mpaka na mimi nizoee."

Nikaketi chini karibu na kigoda chake, tukangoja.